Picha za Jumamosi Jioni

Niseme mapema, anayetaka kuondoka aondoke: simu nzuri ni simu inayofunguka. Hizi za siku hizi zilizogandishwa kwa gundi kila upande, ambazo ukitaka kubadilisha betri lazima uzipashe moto kama chapati ya jana, ni dharau kwa fundi na kwa aliyezinunua. Mimi ni fundi wa simu mjini Migori. Ni mwanamke, na nimeshazoea wateja kuingia kibandani kwangu wakauliza fundi yuko wapi. Nikiwaambia ni mimi, wengine hubaki wamesimama, wakiilinda simu yao kwa macho mpaka nimalize. Wachimbaji wa dhahabu wa Osiri hawana shida hiyo. Wao huleta simu zilizojaa vumbi la mashimo hadi ndani ya spika, huziacha mezani na kwenda zao kutafuta chai.

Kwenye gemu ndiko sishauriki kabisa. Sipendi gemu ambayo kabla hujaigusa inakula bando la wiki nzima kujisasisha. Sipendi gemu inayokusimulia hadithi dakika ishirini ndipo ikuruhusu kupiga hatua moja. Na wanaocheza mpira kwenye kioo cha simu, vidole vikiteleza huku na huku, mimi huwahurumia tu. Pedi ya kuchezea gemu, yenye vitufe, ni kitu kingine. Yangu ni ya mtumba, nimeifungua na kuifunga mara nne kwa mkono wangu, na sihitaji kuiangalia. Gumba linajua pa kupigia shuti, vidole vya shahada vinajua pa kukimbizia. Nimewahi kuwaambia wenzangu, kwa kujigamba, kwamba mtu anayeangalia vidole vyake bado hajajua kucheza.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba nilikuwa najua. Sidhani Migori nzima kulikuwa na mtu mwenye maneno mengi kuhusu vitufe kuliko mimi. Na ni mimi huyo huyo niliyemnyang'anya mama yangu vitufe vyake.

Mama anaishi kijijini Magunga. Ni mshonaji, na cherehani yake ya kukanyaga ina umri mkubwa kuliko wangu. Naiheshimu mashine ile. Haiombi chaji wala nenosiri, na ikikwama, tone la mafuta linatosha. Tumebaki wawili tangu baba afariki nikiwa darasa la sita, na kwa cherehani hiyo alinisomesha mpaka nikaanza kujua waya upi unakwenda wapi.

Halafu mama ni mtu wa Sabato, na si wa Sabato ya maneno. Ijumaa jua likianza kushuka, simu inazimwa na kuwekwa kwenye kopo la vifungo. Haiwashwi tena mpaka Jumamosi jua lizame. Akishaimba wimbo wa kufunga Sabato, ataiwasha na kupiga simu moja kabla ya nyingine yoyote, na simu hiyo ni yangu. Miaka yote niliyokaa Migori, wiki yangu haikuanza Jumatatu. Ilianza Jumamosi saa moja kasoro, mama akiniuliza kama nimekula na kama paa la kibanda bado linavuja.

Simu yake ilikuwa kabambe, zile tunazoziita mulika mwizi kwa sababu ya tochi. Namba zilikuwa zimefutika zote kwenye vitufe kwa kubonyezwa. Nilikuwa namtania kwamba anapiga simu kwa imani. Alikuwa ananijibu kwamba vidole vyake bado havijasahau shule. Tulicheka wote wawili, lakini moyoni niliona aibu. Fundi mzima, mama yake anatembea na takataka ile! Wateja wakijua je?

Basi nikamtengenezea simu ya kioo. Sikununua mpya dukani, niliiunda mwenyewe kwa majuma mawili: kioo kikubwa, betri mpya, kava ya samawati aliyoipenda. Nikaipeleka Jumapili moja, nikipitia Karungu, na nilikaa siku nzima kuipanga. Niliweka namba yangu juu kabisa, nikaweka nyimbo za kanisa, nikaweka picha ya baba kwenye kioo. Majirani walikuja kuiona. Mama aliishika kwa mikono miwili akasema nimemheshimu. Ile kabambe nikaondoka nayo. Kesho yake niliifungua kibandani, spika nikaitia kwenye simu ya mvuvi mmoja, mpira wa vitufe nikampa mteja mwingine. Nilijiona nimefanya kazi safi.

Mwezi haukuisha kabla hajalalamika. Alinipigia kwa msaada wa mama mdogo, mke wa ndugu yake baba, ambaye boma lake limepakana na la mama. Alisema simu ina giza. Nilimwelekeza mama mdogo pa kuongezea mwanga wa kioo, akauongeza mpaka mwisho, tukaagana. Baada ya muda akasema tena ina giza. Kulikuwa na matanga kijijini wiki hiyo, nikaenda, na katikati ya watu niliichukua simu nikakuza maandishi yakawa makubwa kupita kiasi. Mama alikuwa akipita na sahani za wageni bila kujikwaa popote. Nyumba hiyo ameifagia zaidi ya miaka thelathini. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye simu.

Mara ya tatu aliituma kwa mama mmoja muuza omena, dagaa wa ziwani, aliyekuwa anakuja Migori. Ujumbe ulikuwa ule ule, kwamba ina giza. Niliifungua, nikabadilisha kioo kizima ingawa sikuona kosa, nikaipima juani, nikaipima kivulini. Ilikuwa inawaka vizuri kuliko simu yangu mwenyewe. Nikaudhika. Sisi mafundi tuna neno letu tukishapima kila kitu na kifaa kikawa kizima: kosa ni la mtumiaji. Tunalisema tukicheka, mteja akishaondoka. Siku ile nililituma Magunga. Nilimwambia yule mama muuza omena, amwambie mama yangu simu haina ubaya hata kidogo, ni yeye tu hataki kujifunza.

Mama hakulalamika tena.

Mwaka huo huo nilikuwa nimeacha kwenda kanisani. Sikugombana na mtu. Jumamosi mchana palikuwa na mashindano ya gemu mjini, mimi peke yangu mwanamke, na nilikuwa nawafunga. Nilijua habari zimefika Magunga, maana habari za Migori hufika Magunga kabla hujamaliza kuzitenda. Kwa hiyo simu ya Jumamosi ilipoacha kuja, sikujiuliza mara mbili. Mama ameniadhibu. Ameamua kwamba mtoto asiyeitunza Sabato hana haja ya kupigiwa simu Sabato ikiisha.

Nami nikanuna. Nikimpigia siku za kawaida, simu iliita mpaka ikakatika. Mara nyingine mama mdogo aliwahi kuipokea akampa, na mama aliongea kwa ufupi, kama mtu aliyesimama mbele ya watu. Tuko salama. Mungu akubariki. Basi. Ubaridi ule ulinichoma, nikapunguza kupiga. Mahindi yalipandwa yakavunwa tukiwa hivyo. Lakini kila Jumamosi ikikaribia saa moja nilikuwa napunguza sauti ya gemu na kuweka simu kifudifudi pajani, niisikie ikitetemeka. Nilijiambia siisubiri.

Aliyeuvunja ukimya ni mama mdogo. Alinipigia mchana mmoja akiwa na wasiwasi, akasema mama ameshona sare za shule za bluu kwa uzi wa kahawia, nguo nyingi, na wazazi wamezirudisha. Mama amewaambia ni haraka tu. Mama mdogo alisema nije nimwone mwenyewe.

Nilifika Jumapili kabla ya saa sita. Mama alikuwa barazani, kwenye cherehani yake. Nilimwamkia, akanyoosha mkono, na mkono ukaja kidogo pembeni ya wangu. Nikauona kama salamu ya mtu ambaye hajasamehe. Nikakaa. Sikujua tuanzie wapi, na mimi nisipojua pa kuanzia huwa naomba simu. Nikamwambia aniletee ile simu yake niiangalie.

Betri ilikuwa imejaa, kava ni safi. Lakini kilichonishtua ni kwamba hifadhi yake ilikuwa imejaa pomoni. Picha, na mama hajui hata kamera iko wapi. Nikafungua: mabati ya paa. Kidole gumba. Mabati tena. Kitu cheusi. Nusu ya sikio. Anga. Nikajua watoto wa mama mdogo wameichezea, nikaguna kidogo, nikachagua zote nizifute. Kidole kilikuwa tayari juu ya alama ya kufuta nilipoona saa zilizoandikwa.

Jumamosi, saa moja kasoro dakika tano. Jumamosi, saa moja na dakika mbili. Nikarudi nyuma. Jumamosi nyingine, saa moja kasoro dakika kumi, picha tisa mfululizo. Nyingine, picha kumi na nne. Hakuna Jumatatu. Hakuna Jumatano. Kila wiki ya ule mwaka niliokuwa nimenuna, picha zilikuwepo, zote za dakika zile zile jua likishazama.

Kazi yangu ni kujua simu inafanya nini ikiguswa vibaya, kwa hiyo nilielewa haraka kuliko nilivyotaka. Kwenye aina ile ya simu, alama ya kamera iko pembe ya chini ya kioo, na alama ya kupigia simu iko pembe ya pili. Ukitelezesha kidole kutoka upande usio wake, kamera inafunguka. Ukitafuta namba ya mtoto wako kwa kupapasa, unapiga picha. Unapapasa tena, unapiga nyingine.

Katikati ya picha zile palikuwa na video moja. Niliifungua nikiwa nimegeuza kiti. Ilikuwa inaonyesha mabati tu, na mwanga wa jioni unaoisha. Kisha sauti ya mama, polepole, sauti yake ya simu.

"Haloo? Nyara? Sabato imeisha. Umekula?" Akangoja kidogo. "Haloo. Haya, labda bado uko kazini. Nitajaribu tena."

Neno nyara maana yake ni binti yangu. Sisi nyumbani tunaongea Kijaluo, na ndivyo anavyoniita tangu nijitambue. Nilisikia cherehani ikisimama nyuma yangu. Alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu.

Nikageuka, nikaiinua simu mbele ya uso wake, mwanga ukiwa mwisho, maandishi makubwa yale niliyoyaweka, nikamwomba anisomee saa. Alitabasamu. Tabasamu la kuomba radhi, ambalo sikuwahi kuliona kwake, na ambalo hakustahili kunipa. Akasema hapo hakujakuwa na kitu siku nyingi. Jicho la kulia halioni kabisa. La kushoto linaona dirisha, na mtu akisimama kwenye mlango anamjua kwa kivuli. Nguo anazikata kwa vipimo vya vidole, sindano anatungiwa na watoto wa mama mdogo. Uzi ndio uliomsaliti, maana rangi haishikiki kwa mkono.

Nikamuuliza, tena kwa ukali, Mungu anisamehe, kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia, nyara," alisema. "Nilikuambia simu ina giza. Wewe ndiwe fundi. Ukapima, ukasema simu haina ubaya. Ndipo nikajua ni mimi."

Alipojua ni yeye, akaogopa. Aliniambia yote siku ile, mikono yake ikiwa juu ya kitambaa. Aliogopa nitamchukua nimlaze kwenye chumba changu Migori, mbali na cherehani, awe mtu wa kupikiwa. Na aliogopa kunivunja moyo. Nilikuwa nimejivunia zawadi ile mbele ya majirani wote. Angesemaje kwamba hawezi kuitumia? Kwa hiyo aliibeba kanisani, aliifuta kila siku kwa kitambaa, na Jumamosi jioni aliingia nayo chumbani peke yake kujaribu.

Sijui kama nitaweza kueleza hasira niliyokuwa nayo. Sikumkasirikia mtengeneza simu, ingawa ningeweza kukaa hapa mpaka kesho nikimshambulia. Nilikuwa na hasira na kichwa changu. Mtu aliniambia mara tatu kwamba haoni, na mara tatu nilitengeneza kioo. Mjinga wa kawaida, asiyejua simu hata moja, angemwangalia mama yake usoni.

Jumanne tulikwenda Homa Bay, hospitali. Daktari wa macho alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, mpole, mwenye mikono myepesi. Alimweka mama kidevu kwenye mashine, akamulika jicho moja, akamulika la pili, akarudia la kwanza. Nilikuwa naiangalia ile mashine. Hata pale, nikiwa na hofu, sehemu moja ya akili yangu ilikuwa inajiuliza lenzi zake zimepangwa vipi. Nilijichukia kwa hilo pia.

Alipomaliza alimshika mama mkono, akamsemesha yeye, hakunisemesha mimi. "Mama, hii ni presha ya macho. Hiyo yenye imeenda, imeenda, hairudi. Sasa tunachunga hii kidogo imebaki."

Nikamuuliza ingekuwaje kama tungekuja mapema, tuseme mwaka mmoja na nusu nyuma. Nilitaka aniambie ingekuwa vile vile tu. Akaniuliza kama mama ana mtu wa kumtilia dawa kila jioni bila kukosa, akaanza kuandika. Hilo ndilo jibu alilonipa, na lilinitosha.

Nje nilimkalisha mama kwenye benchi la saruji kivulini, nikavuka barabara hadi kwenye duka la simu. Muuzaji alianza kunionyesha simu za kioo, moja baada ya nyingine, kamera tatu, kamera nne. Siku nyingine ningebishana naye mpaka afunge duka. Nilimwomba kabambe. Akachomoa moja kutoka chini kabisa, yenye vumbi kwenye sanduku, akaniuliza kama ni ya mlinzi. Nikamwambia ni ya mama yangu.

Nilihamisha laini pale pale kwenye benchi na kumpa. Aliizungusha mkononi, akatafuta juu na chini yake, kisha gumba lake likatembea kwenye vitufe mpaka likagota kile cha namba tano, chenye kinundu kidogo katikati. Hapo mabega yake yakashuka. Sikuwa nimejua kwamba alikuwa ameyabeba juu muda wote huo. Alibonyeza namba kumi bila kusita, akaweka simu sikioni, na simu yangu ikaanza kuita mfukoni.

Nikamwambia kwa kucheka kwamba niko hapa, tunagusana mabega.

"Pokea," alisema.

Nikapokea. Watu waliokuwa wanapita waliona wanawake wawili wamekaa benchi moja, kila mmoja na simu yake sikioni, na sauti yake ilinifikia mara mbili, mara ya kwanza hewani, mara ya pili kwenye simu. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Aliniuliza kuhusu kibanda. Nikajibu. Kisha nikamwomba msamaha. Nilianza vizuri, nikaishia kulia, nikiwa bado nimeishika simu sikioni kwa sababu sikujua pa kuiweka.

Alisubiri nimalize. Akasema hana kinyongo, simu ilikuwa nzuri, ila kuna jambo moja linamsumbua. Siku ile niliyoileta, macho yake bado yalikuwa yanaona kiasi. Tayari alikuwa ameshaanza kuogopa, na alikuwa amepanga kwamba nikija ataniangalia vizuri, aniweke akilini, kwa sababu hakujua yatadumu mpaka lini.

"Lakini uliinama kwenye simu kutoka asubuhi mpaka jioni," alisema. "Nilikuletea chai, ukasema asante bila kuinuka. Nilikaa pale nikingoja uinue uso. Kwa hiyo nilichobaki nacho ni nywele zako. Ile mistari ilikuwa imenyooka kweli. Bado unasuka vile?"

Nilikuwa nimenyoa tangu mwanzo wa mwaka, kichwa chote, chini ya kitambaa nilichofunga. Nikamjibu kwenye simu kwamba ndiyo, bado nasuka vile vile.